Jinsi ya kukitambua kirusi cha familia ya Geminiviridae na mdudu anayekisambaza

Jani la mhogo lenye batobato likifika mezani kwangu, simuulizi kwanza aliyelileta habari za madoa. Namuuliza: ulipoligeuza jani, chini yake palikuwa na nini? Dalili hudanganya. Ukosefu wa madini, dawa ya magugu iliyopeperushwa na upepo, hata utitiri, vyote huweza kulikunja jani na kulichora manjano mithili ya kirusi. Kwa familia hii mdudu ni shahidi mzito kuliko dalili, na sababu imo kwenye ganda la kirusi chenyewe.

Anza na familia, kwa kuwa hapo ni rahisi. Virusi vya Geminiviridae vina DNA ya uzi mmoja iliyofungwa duara, kwa kawaida yenye nyukliotidi (vijenzi vya DNA) kati ya 2,500 na 3,000 hivi kwa kila duara. Kwenye hadubini ya elektroni utaona maganda mawili yaliyoungana ubavuni kama pacha, urefu nanomita 38 na upana 22 hivi. Hakuna virusi vingine vya mimea vyenye umbo hilo, hivyo ukiliona, familia umeipata.

Jenasi, yaani kundi dogo ndani ya familia, ndiyo inayotaka umakini. Mdudu akiwa nzi mweupe, Bemisia tabaci, na mmea si wa jamii ya nyasi, elekea Begomovirus. Jenasi hii ina spishi zaidi ya 400. Humo mna batobato ya mihogo na ule ugonjwa wa nyanya wa majani kujikunja na kuwa manjano ambao wakulima wengi huuita rasta. Baadhi yake hubeba duara moja la DNA, wengine mawili, DNA-A na DNA-B. Mmea ukiwa mahindi au nasaba nyingine ya nyasi, na ukaona vijidudu vyembamba vinavyoruka kwa ghafla unapogusa jani, fikiria Mastrevirus, hasa kirusi cha milia ya mahindi kinachobebwa na Cicadulina mbila. Curtovirus nao hubebwa na wadudu warukaji wa aina hiyo, ila hushambulia viazisukari na mimea mingine ya majani mapana. Capulavirus hubebwa na vidukari. Jenasi nyingine zipo, jumla zilizokubaliwa kufikia 2021 ni 14, lakini kwa kazi ya shambani hizi nne zitakufikisha mbali.

Kwa nini mdudu afuate jenasi kwa uaminifu hivyo? Mwaka 1990 watafiti walichukua kirusi cha batobato ya mihogo, wakaondoa jeni ya ganda lake na kuweka ile ya curtovirus wa viazisukari. Kirusi hicho cha mihogo sasa kikaweza kusambazwa na mdudu mrukaji, mdudu ambaye kwa kawaida hana habari nacho. Ganda ndilo linalomchagua mbebaji. Kinyume chake kiko kwenye Abutilon, maua ya mapambo yenye majani ya madoadoa: kirusi chake kimeenezwa kwa vipandikizi kwa muda mrefu mno hata nzi weupe wakikinyonya hawawezi tena kukipitisha, na tatizo ni mabadiliko machache tu kwenye protini ya ganda. Ndiyo maana nawasisitizia vijana wa maabara: PCR, kipimo kinachonakili DNA kwa wingi hadi ionekane, ikikuta kirusi ndani ya mdudu, umethibitisha kwamba mdudu alikula. Kwamba anaambukiza, bado.

Kufika kwenye spishi, soma duara zima la DNA. Chukua jani changa lenye dalili, libane kati ya karatasi kavu, andika tarehe na mmea. Toa DNA, kisha tumia kimeng'enya cha phi29, ambacho huzunguka duara kikilinakili bila kukutaka ujue kirusi ni kipi. Jaribu vimeng'enya vya kukata mpaka upate kinachotoa kipande kimoja cha nyukliotidi 2,700 hadi 2,800 kwenye jeli, ndipo usome mpangilio wake. Kwa begomovirus linganisha DNA-A: ikifanana na spishi yoyote inayojulikana kwa asilimia 91 au zaidi, ni spishi hiyo; chini ya hapo ni mpya. Kwa mastrevirus mpaka ni asilimia 78.

Tafadhali usiridhike na kipande kidogo cha jeni ya ganda, hata kama ni rahisi. Batobato kali iliyoteketeza mihogo Uganda miaka ya 1990 ilitokana na kirusi cha mchanganyiko: sehemu kubwa ya DNA-A ilikuwa ya kirusi cha batobato cha Afrika Mashariki, lakini katikati ya jeni ya ganda palikuwa pamepachikwa kipande cha spishi nyingine, kirusi cha batobato cha Afrika. Aliyesoma kipande hicho peke yake angeandika jina lisilo lake.

Sasa jaribio la maambukizi. Fuga wadudu kwenye mmea safi, uwahamishie kwenye mmea mgonjwa, kisha kwenye miche safi ndani ya kizimba. Kwa batobato ya mihogo, nzi mweupe anahitaji angalau saa tatu na nusu za kunyonya, kisha saa nane kirusi kipite kutoka utumboni kwenda kwenye damu yake na tezi za mate. Akishakuwa tayari, dakika 10 zinatosha kuambukiza. Mtafiti wa magonjwa ya mimea H. H. Storey, akifanya kazi kituo cha Amani huko Usambara, alionyesha mwaka 1933 kwamba baadhi ya Cicadulina mbila wasioweza kuambukiza milia waliweza baada ya kutobolewa tumbo kwa sindano. Kizuizi kilikuwa ukuta wa utumbo. Spishi ya kirusi hicho cha milia leo inaitwa Mastrevirus storeyi, na heshima hiyo anaistahili.

Zile saa na dakika za nzi mweupe zinakuambia la kufanya. Dawa haimwahi nzi mweupe aliyeingia shambani akiwa tayari na kirusi. Kung'oa miche migonjwa mapema humnyima nzi aliyeko ndani ya shamba, ambaye bado hana kirusi, saa zake za kunyonya, na ndiyo kazi ninayoishauri kwanza.

Usichanganye na michirizi ya kahawia ya mihogo. Nzi ni yuleyule, lakini kirusi ni cha Potyviridae, chenye RNA, na nzi hukaa nacho muda mfupi tu.

Mhogo una njia ya pili, kijiti cha kupandia. Kutofautisha, tazama majani ya kwanza kabisa ya chini. Yakiwa na batobato tangu chipukizi, ugonjwa ulikuja na kijiti, kwa hiyo badilisha chanzo cha mbegu. Yakiwa safi na dalili zikaanzia juu, walioleta ni nzi weupe. Yaandike haya kwenye lebo ya sampuli kabla hujaituma.