Kutoka studio hadi meza ya tamasha: mwongozo kwa mchoraji wa Mtwara na Lindi

Wachoraji wengi wa huku Kusini huanza kufikiria tamasha wiki mbili kabla, picha zikiwa tayari zimeegemezwa ukutani. Hapo umeshachelewa. Kitambaa ulichonunua, ukubwa wa fremu, aina ya rangi na hata mwezi uliochorea ndivyo vinavyoamua kama picha itafika salama, kama mteja ataweza kuibeba, na kama utarudi nyumbani na hela ya kununua rangi nyingine. Naishi kwa brashi hapa Mtwara mjini, na ninachoeleza ndicho ninachokifanya. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, maana kila moja inaitegemea iliyotangulia.

Hatua ya 1: Panga mwaka wako kurudi nyuma

Chukua kalenda ya ukutani, uweke alama kwenye siku za kuuza kwanza, ndipo urudi nyuma kwenye siku za kuchora. Kwa sisi wa Kusini kuna Sabasaba jijini Dar es Salaam, inayoanza mwishoni mwa Juni, halafu Nanenane kwenye viwanja vya Ngongo, Lindi, inayofikia kilele tarehe 8 Agosti. Kuna tamasha la MaKuYa hapa Mtwara, linalokutanisha ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao. Mbali zaidi kuna tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, na tamasha la muziki la Sauti za Busara Zanzibar mwezi wa Februari, ambako hata kama huna meza, mji mzima umejaa watu wanaonunua sanaa.

Kisha weka alama ya korosho. Minada huanza Oktoba, na wakulima wa Newala, Tandahimba, Masasi na Ruangwa wakishalipwa, watu wanajenga, wanapaka rangi, wananunua makochi. Ukuta mpya unataka picha. Msanii anayesubiri watalii peke yao wakati huo anapitwa na wateja waliomzunguka.

Mwisho weka alama ya mvua. Kuanzia Desemba hadi Aprili hewa ni nzito, na rangi ya mafuta inaweza kukaa siku kadhaa bado inanata. Kwa hiyo kazi zangu za rangi ya mafuta nazimaliza wakati wa upepo wa kusi, Juni hadi Oktoba. Miezi ya mvua nafanya michoro ya karatasi, natengeneza fremu na kuandaa vitambaa.

Hatua ya 2: Andaa kitambaa na fremu kwa ajili ya pwani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu picha nyingi nzuri zimeharibikia hapa.

Kanvasi ya dukani ni ghali na mara nyingi inabidi iagizwe Dar. Kitambaa kizito cha pamba, kile kiitwacho marekani, kinafanya kazi vizuri kikiandaliwa. Kifue kwanza kwa maji ya moto kitoe wanga na kisinyae kabisa, ukianike, ukipige pasi.

Fremu mpe seremala, lakini simama naye. Mninga mkavu haupindi ovyo ila una uzito. Msonobari ni mwepesi, na kwa kazi za kusafiri ndio ninaouchagua. Kona zikatwe mshazari. Ukingo wa ndani, ule unaotazama kitambaa, urandwe uteremke kidogo ili kitambaa kiguse ukingo wa nje peke yake. Usipofanya hivyo, baada ya miezi michache utaona mstari wa mbao umejichora katikati ya anga uliyoipaka kwa uangalifu wote. Kabla hujalipa, pima kutoka kona hadi kona pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana, fremu imekaa upande na itabidi irudiwe.

Ukivuta kitambaa, anza katikati ya kila upande: juu, chini, kushoto, kulia. Ndipo usogee kuelekea kona, msumari mmoja upande huu na mmoja upande ulio mkabala. Tumia misumari midogo isiyoshika kutu. Chumvi ya bahari hula chuma haraka sana, na kutu ya msumari hupenya kitambaa ikatokea mbele.

Sasa paka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji mengi, iache ikauke. Fuatisha rangi nyeupe ya maji, ile ya ukutani lakini ya daraja la juu, uichanganye na gundi: sehemu tatu za rangi kwa moja ya gundi. Paka mara mbili au tatu, mkono wa kwanza ukienda wima na wa pili mlalo, na katikati piga msasa laini. Pitisha kiganja. Kikikwaruza, rudia msasa. Gonga kwa kidole: kitambaa kilichokaza vizuri kinatoa mlio.

Ukipenda hadibodi na rangi ya mafuta ya kopo, uko kwenye njia ya watu wa kwetu. Edward Said Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza hivyo Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa vipande vya ubao na rangi za baiskeli. Hadibodi haichaniki, ila kona zake huvunjika na ukungu huingia kwa nyuma, kwa hiyo paka rangi mgongo na kingo zote.

Hatua ya 3: Chora unachokijua, uache kisicho chako

Mteja anayepita mbele ya meza ishirini zenye twiga na machweo hana sababu ya kusimama kwenye ya ishirini na moja. George Lilanga, aliyezaliwa Masasi mwaka 1934, alianzia kwenye uchongaji kabla ya kushika brashi, na viumbe vyake vya rangi kali vilitambulika popote vilipofika kwa sababu vilitoka kwenye mashetani ya uchongaji wa Kimakonde. Sisi tuna mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, tuna Mikindani na milango yake ya zamani, tuna magofu ya Kilwa Kisiwani, akina mama wanaobangua korosho, vijana wanaokokota nyavu Msimbati. Hivyo nenda kavichore ukiwa pale pale, kwa penseli, kabla ya kurudi studio.

Lakini ya unyagoni na jandoni yabaki huko huko. Ngoma ya hadharani, ile inayochezwa uwanjani watoto wakitazama, chora. Yanayofundishwa ndani si mali yako hata kama uliyapitia. Nikiwa na shaka namuuliza bibi au mzee wa ukoo kabla sijagusa kitambaa, na akikataa siichori. Katika kazi hii naona hakuna jambo zito kuliko hili. Utauza picha leo, na kesho utaishi na watu wale wale.

Hatua ya 4: Pangilia ukubwa

Usipeleke picha kubwa tupu. Kwa meza moja mimi huchukua moja kubwa ya sentimita 80 kwa 120 ya kuwasimamisha watu, chache za 50 kwa 70, na nyingi za 30 kwa 40. Hizo ndogo zinaingia kwenye begi la abiria wa basi, na ndizo zinazolipa nauli.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya bei kwenye daftari, si kichwani

Tuchukue mfano wa picha ya 50 kwa 70. Kitambaa na fremu Sh 25,000. Rangi na vanishi Sh 15,000. Siku tatu za kazi, ukijilipa Sh 20,000 kwa siku, Sh 60,000. Jumla Sh 100,000, na hapo picha iko bado studio.

Sasa ongeza safari. Tuseme nauli, meza, chakula na malazi ni Sh 240,000, na umebeba picha 20. Usigawe kwa 20. Gawa kwa zile unazotarajia kweli kuziuza, tuseme 10, upate Sh 24,000 kwa kila moja. Picha yako imefika Sh 124,000. Ukiiuza Sh 150,000 umepata kitu. Ukishuka hadi laki moja kwa sababu jua linazama, umemlipia mteja nauli yako mwenyewe.

Bei iwe moja kila mahali. Ukiweka picha kwenye ukumbi wa maonyesho au duka la hoteli, watachukua sehemu yao, mara nyingi kuanzia theluthi hivi hadi nusu. Kwa bei hiyo hiyo ya Sh 150,000, wakichukua asilimia 30 unabaki na Sh 105,000, na safari haikukugharimu. Wakitaka nusu, bei hiyo haikutoshi, kwa hiyo ipandishe kote au usiweke. Mteja akigundua kwamba nyumbani kwako unauza nusu ya bei ya hotelini, hoteli haitakupokea tena.

Hatua ya 6: Karatasi

Jisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na nakala ya cheti iwe kwenye simu. Hakimiliki ya mchoro inaanza pale unapouchora, inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, lakini kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, kunakupa ushahidi siku ukiikuta picha yako kwenye fulana za mtu. Nyuma ya kila picha andika jina la kazi, mwaka, rangi uliyotumia, vipimo na sahihi yako, kisha ipige picha mbele na nyuma mchana wa kivuli.

Pita ofisi ya afisa utamaduni wa halmashauri mapema, miezi miwili au mitatu kabla ya Nanenane. Nafasi kwenye banda la halmashauri mara nyingi hupewa anayejulikana na aliyeulizia. Mkiwa kikundi cha vijana au wanawake, ulizieni pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Nenda na hesabu ya Hatua ya 5 mkononi.

Hatua ya 7: Funga mizigo

Picha za akriliki, yaani rangi ya maji inayokauka haraka, zilizotolewa kwenye fremu ziviringishe upande wa rangi ukiwa nje. Ukiziviringisha rangi ikiwa ndani, inabanana na kupasuka. Nunua bomba la plastiki la nchi 4 duka la vifaa vya ujenzi, uzungushie picha juu yake, usizisokomeze ndani. Katikati ya picha na picha weka karatasi ya kuokea keki, kwa sababu akriliki kwenye buti la basi lenye joto hulainika na kushikana na nailoni. Juu ya yote funga nailoni nene kuzuia maji. Fremu zifungwe kando, na kona zikingwe kwa maboksi.

Za hadibodi zifunge mbilimbili uso kwa uso, na vipande vya mbao pembeni ili rangi zisigusane. Mwambie kondakta mwenyewe kwamba zisimame wima na hakuna gunia juu yake, kisha umpe kitu kidogo.

Kwa safari za masika ondoka siku mbili kabla. Mei 2024 mvua ilikata barabara ya kwenda Dar eneo la Somanga, Kilwa, na mabasi yakakwama.

Hatua ya 8: Jenga meza yako

Angalia turubai kabla ya kuangalia kitu kingine. Chini ya turubai la bluu, nyekundu yako inakuwa zambarau na ngozi za watu zinaonekana za wagonjwa. Omba hema jeupe au sogeza picha mbele, penye kivuli cha mwanga wa kawaida. Agosti upepo wa kusi ni mkali Ngongo, kwa hiyo fungia viroba vya mchanga miguuni mwa stendi. Stendi rahisi ni fremu mbili za mbao zilizowambwa wavu wa kuku na kuunganishwa kwa bawaba. Zinasimama zenyewe, na picha unaitundika popote kwa ndoano ya waya.

Bei iandikwe kwenye kila picha. Watu wetu wengi wanaona haya kuuliza, wanapita tu.

Hatua ya 9: Uza

Simama. Acha simu. Salamu kwanza, bei baadaye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu wa mapiko mbona kama namjua?"

"Nilimchorea Newala mama, mwezi wa saba, vijana walipotoka jandoni."

"Laki na nusu ni nyingi. Nipunguzie."

"Hii siwezi mama, nitakuwa nimewaonea walionunua jana. Ila ninayo ndogo yake, mkono huo huo. Au tanguliza elfu hamsini nikuandikie risiti, nyingine ukilipwa korosho."

Wengi huchagua mojawapo. Picha ya malipo ya awamu haiondoki mikononi mwako mpaka shilingi ya mwisho, na jina la mteja liandikwe nyuma kwa penseli mbele ya macho yake. Weka lipa namba iliyochapwa kwa herufi kubwa, chenji ya kutosha na kitabu cha risiti. Watu wa ofisi na hoteli watakuomba pia namba ya mlipakodi, maana bila hiyo hawawezi kuidhinisha malipo.

Hatua ya 10: Wiki ya kurudi

Siku ya kwanza toa picha zote kwenye vifungashio, hata kama umechoka. Zikikaa zimefungwa na unyevu wa safari, ukungu unaanza. Zisimamishe juu ya vipande vya mbao, mgongo ukiwa mbali na ukuta kiasi cha vidole vinne.

Ndipo ufungue daftari: ipi iliuzwa, kwa nani, ipi watu walisimama mbele yake wakaacha, na walisema nini. Wapigie waliotanguliza pesa uwakumbushe tarehe. Walionunua watumie ujumbe wa shukrani na picha ya kazi uliyo nayo sasa studio. Toa kwanza hela ya kitambaa na rangi za msimu ujao, ukanunue kabla ya matumizi mengine, halafu mpe seremala vipimo vya fremu mpya.