Kukokotoa mikondo edi na msongamano wa mkondo kwenye waya wa transfoma ya inveta

Ukisuka transfoma ya feraiti (yenye kiini cha kauri ya oksidi ya chuma) kwa waya mmoja mnene, waya huo utapata moto sana hata kama jedwali la waya linasema unatosha. Majedwali mengi yamepigiwa hesabu ya 50 Hz, na inveta yako huenda inakata umeme kwa 50 kHz. Tuchukue waya wa shaba wa kipenyo cha mm 2 unaobeba ampea 10.

Hatua ya 1. Gawanya mkondo kwa eneo la waya (mm² 3.14) upate msongamano wa mkondo: 10 ÷ 3.14 = 3.2 A/mm². Ukiishia hapa utadhani uko salama.

Hatua ya 2. Tafuta kina cha ngozi (δ), yaani unene wa tabaka la nje la waya ambamo sehemu kubwa ya mkondo hupita. Hatua hii ndiyo yenye uzito, na ndiyo inayorukwa sana. Mkondo unaobadilika huzua uga wa sumaku ndani ya waya wenyewe, na uga huo huzua mikondo edi inayozunguka ndani ya shaba. Katikati ya waya hupingana na mkondo mkuu. Karibu na uso huuongezea. Umeme unasukumwa pembeni.

δ = √(ρ ÷ (π × f × μ))

Kwa shaba ya nyuzijoto 20, ρ (ukinzani mahususi wa shaba) ni 1.72 × 10⁻⁸ Ωm, na μ (upenyezaji wa sumaku) ni 4π × 10⁻⁷ H/m. Weka f (masafa) kwa hezi, yaani 50,000, si 50. Jibu ni mm 0.295. Kwenye 50 Hz ungepata mm 9.3, ndiyo maana waya wa mota ya kawaida hausumbui.

Hatua ya 3. Eneo linalobeba mkondo kweli, D ikiwa kipenyo cha waya: π × δ × (D − δ) = 3.14 × 0.295 × 1.705 = mm² 1.58. Nusu ya shaba uliyoinunua haifanyi kazi! Msongamano sasa ni 6.3 A/mm², na joto kwa kila mita limepanda kutoka wati 0.55 hadi 1.1. Haya ni makadirio, kwani mkondo hupungua taratibu kuelekea ndani, haukatiki ghafla, lakini yanatosha kuchagulia waya.

Hatua ya 4. Tumia nyuzi nyembamba za kipenyo kisichozidi 2δ, yaani mm 0.59. Nyuzi 16 za mm 0.5 zinakupa eneo lilelile la mm² 3.14. Kila uzi uwe na vanishi yake, kisha zisokote pamoja; vanishi ikichubuka katikati ya koili, nyuzi zinagusana na mikondo edi inarudi. Koili ikiwa na tabaka nyingi, uga wa tabaka jirani unaongeza hasara, kwa hiyo shuka hadi mm 0.3: utahitaji nyuzi 44 au 45.