Ofisi ikianza kuyumba: vitu vya kufanya kabla barua ya kufutwa kazi haijakufikia

Mimi ni mtu wa peiroli. Miaka 12 sasa nakokotoa mishahara ya watu hapa Nairobi, nilianzia kaofisi kadogo River Road nikafika hadi Upper Hill, na katikati hapo 2020 nikajipata nakokotoa malipo ya mwisho ya wenzangu 14 halafu ya kumi na tano ikawa yangu. Tangu siku hiyo bosi akisema "kampuni iko imara" mimi hufungua faili yangu. Hizi ndo hatua nazofuata mwenyewe, zingine nilizijua nikiwa nishachelewa.

Hatua ya 1: angalia makato, wachana na mshahara kwanza

Watu hungoja mshahara uchelewe ndo washtuke. Kampuni iliyoishiwa pesa haianzii hapo, juu mshahara ukichelewa siku mbili ofisi nzima inanung'unika, inaanzia kwa makato juu hakuna mtu huyaangalia. PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF (bima ya afya) ile 2.75% na tozo ya nyumba 1.5%, zote zinafaa kuwa zimepelekwa mapema mwezi unaofuata, kufikia tarehe 9 hivi. Sasa chukua slipu yako ya mshahara, ingia akaunti yako ya NSSF uone michango, halafu uitishe taarifa ya sako (chama chako cha akiba na mikopo), ulinganishe mwezi kwa mwezi. Mwezi mmoja ukikosekana inaweza kuwa ni karani amelala (nimewahi kuwa huyo karani). Slipu ikisema umekatwa na huko kwingine miezi mitatu hakuna kitu, hapo hauhitaji kuambiwa na mtu, anza kutafuta kazi jioni hiyo hiyo.

Hatua ya 2: toa karatasi zako nje ya ofisi

Yangu nilifungiwa kompyuta saa tano asubuhi nikiwa bado nimekaa kwa chumba cha mkutano nasomewa barua. Kila kitu changu kilikuwa humo ndani. Kwa hivyo leo, si Ijumaa, tuma kwa barua pepe yako ya binafsi: mkataba, barua za kuongezwa mshahara, tathmini za kila mwaka, slipu, na P9 zako (fomu ya mwaka ya mshahara na kodi uliyokatwa), hizo utazihitaji pia ukijaza ritani za KRA, wale wa kodi, kabla ya 30 Juni. Zako tu. Usibebe orodha ya wateja ama bei za kampuni, kuna sheria ya kulinda data ya 2019, na tena unawapa sababu ya kukufukuza kwa utovu wa nidhamu na hapo ile fidia ya kupunguzwa kazi unaiaga.

Hatua ya 3: jikokotolee mwenyewe

Hii ndo watu wengi hawajui na inaniuma. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema ukipunguzwa kazi unalipwa si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha, juu yake notisi ya mwezi ama pesa badala yake, na likizo ambazo hujaenda. Tuseme mshahara ni 60,000 na umemaliza miaka 6. Siku 15 mara 6 ni 90. Ukigawanya mshahara kwa 30, siku moja ni 2,000, hiyo ni 180,000 ya fidia peke yake kabla KRA hawajachukua chao. Kuna wanaogawanya kwa 26, inakuwa kubwa kidogo, soma mkataba wako. Na neno ni "uliokamilisha", miaka mitano na miezi 11 ni mitano, nimeona barua ikitoka wiki tatu kabla ya mtu kufikisha mwaka na sidhani ilikuwa bahati mbaya.

Ukiitwa pembeni uambiwe kwa sauti tamu ati andika barua ya kujiuzulu ndo rekodi yako ibaki safi, usiandike. Aliyejiuzulu halipwi hizo siku 15. Ni hivyo tu.

Hatua ya 4: sako na wadhamini

Akiba ya sako si pesa ya dharura. Huwezi kuitoa bila kujiondoa uanachama, kuna notisi ya kungoja, na kama umemdhamini mtu wa mkopo pesa yako imeshikwa hadi amalize ama apate mdhamini mwingine. Mimi nilikuwa nimewadhamini wanne, wawili kati yao tuliachishwa siku moja! Kwa hivyo uliza sako leo umemdhamini nani na kumebaki ngapi, punguza mkopo wako unaokatwa kwa mshahara, na ile ya dharura weka mahali unaweza kuitoa kwa siku chache, mfano hizi fandi za soko la fedha zenye leseni ya CMA (mamlaka ya masoko ya mitaji). Pima kwa miezi ya rent, nauli, unga na fizi, usipime kwa laki. Na kukopa ili ufungue duka la nguo ukiwa bado unaogopa kufutwa, hapana jamani.

Hatua ya 5: sogea karibu na pale pesa inaingilia

Kozi ya cheti kingine cha uongozi ni mapambo. Dada mmoja wa mapokezi tuliyefanya naye kazi alijifunza kutoa ankara za eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki) wakati wahasibu walikuwa wanaikwepa, orodha ya kupunguzwa ikaja, jina lake halikuwemo. CV andika kwa nambari, ulilipa watu wangapi, ulifunga hesabu kwa siku ngapi. Halafu piga simu kwa wale walioondoka ofisini kwenu, wao ndo wanajua nani anaajiri. Anayeitisha pesa ya intavyu ni tapeli, kata simu.

Hatua ya 6: siku yenyewe

Usisaini siku hiyo. Sema unaenda kusoma. Uliza kama afisa wa leba wa eneo alipewa notisi, maana sheria inataka ajulishwe pia. Ukiona hesabu haiko sawa andika barua pepe, usibishane kwa korido. Kesi ya ajira una miaka 3 kuipeleka kortini lakini ushahidi huwa unapotea kwa wiki. Na kabla urudishe kadi ya mlango itisha cheti cha utumishi, ni haki yako hata kama mmekosana, mimi yangu niliifuata miezi minne na yule wa kuisaini naye akawa ashafutwa.