Somo: Kumchosha mhusika wa gemu kama binadamu anavyochoka

Juzi nilikaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, nikitazama makuli wakipakia magunia ya dagaa. Aliyebeba hasimami njiani. Anapiga hatua fupi za harakaharaka, magoti yamekunja kidogo; akishatua ndipo anashika kiuno na kuhema. Kwenye gemu mhusika anakimbia na shehena mgongoni, anahema sekunde nne, anakimbia tena kama jana alilala vizuri.

Hatua ya 1: Tenganisha pumzi na uchovu. Ukikosea hapa, mengine yote ni mapambo. Pumzi inaisha upesi na kurudi upesi. Uchovu unapanda taratibu, na haushuki mpaka ale au alale. Kisha uchovu uwe dari ya pumzi: pumzi ya juu = 100 − (uchovu × 0.6). Uchovu ukiwa 50, pumzi inaishia 70. Kama mbio zinakula 10 kwa sekunde, aliyekuwa akikimbia sekunde 10 asubuhi, jioni anakimbia 7. Hujamwandikia popote kwamba amechoka, lakini mchezaji ameshajua.

Hatua ya 2: Mzigo uanze kuuma mapema. Gemu ya Skyrim (2011) inakuanzishia uwezo wa kubeba uzito wa 300. Ukiwa na 299 bado unakimbia, ukifika 301 unajikokota. Huo ni ukuta, si uzito. Punguza kasi kidogo kidogo tangu nusu ya uwezo, na ufupishe hatua.

Hatua ya 3: Pima mwinuko wa ardhi, uzidishe matumizi ya pumzi.

Hatua ya 4: Futa mstari wa kuonyesha pumzi pale juu ya skrini. Weka sauti ya kuhema.

MASWALI

Mdau wa Nyakato: Mkuu, wachezaji si watakereka?
— Watakereka ukiwaadhibu kwa kutembea tu. Gemu ya Morrowind (2002) ilinitesa: nakimbia mpaka kwa adui, nafika hoi, panga linapita hewani. Mwendo wa kawaida uwe bure.

Mdau wa Igoma: Akishuka mlima je?
— Pumzi inabaki, miguu inatetemeka. Shuka Bugando na ndoo ya maji kichwani utanielewa. Mpunguzie kasi tu.

Mdau wa Pasiansi: Kaka, kwenye laptop yangu anachoka polepole, kwenye kompyuta ya rafiki yangu anakata pumzi mara moja. Msimbo (code) ni uleule.
— Unapunguza kwa kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa kwenye skrini, na mashine yake inatoa fremu nyingi kuliko yako. Zidisha kwa delta, yaani sekunde zilizopita tangu fremu iliyotangulia: pumzi -= 10 * delta.