Kutengeneza mfumo wa usukani wa nyambizi ya mfano inayoongozwa kwa redio

Anayetengeneza usukani wa nyambizi ya mfano kwa mara ya kwanza huwa na wasiwasi kwamba sevo yake, yaani mota ndogo inayogeuza usukani kwa amri ya rimoti, haitakuwa na nguvu za kutosha, ilhali hesabu fupi inaonyesha kuwa maji yenyewe hayadai nguvu nyingi. Chukua ubapa wa usukani wenye urefu wa sentimita 4 na upana wa sentimita 3, kisha uipe nyambizi mwendo wa mita 1 kwa sekunde, ambao ni mwendo mzuri kwa chombo cha mita moja. Nguvu ya maji juu ya ubapa huo haizidi sana uzito wa gramu 60. Hata tukichukulia kwamba nguvu hiyo inakandamiza sentimita 1 kutoka kwenye mhimili, sevo ndogo ya gramu 9, ambayo kwa volti 4.8 huweza kuinua karibu kilo 1.8 kwa mkono wa sentimita 1, ina akiba ya mara 30. Kinachoishinda sevo ni msuguano wa mpira unaozuia maji, ufito (kijiti cha chuma kinachounganisha sevo na usukani) uliopinda, na viungo vyenye plei, yaani vilivyolegea. Ndiyo maana mwongozo huu utakaa zaidi kwenye tundu dogo ambamo ufito unapita kuliko kwenye usukani wenyewe.

Nachukulia kwamba tayari unacho chumba kikavu, yaani kipande cha bomba la plastiki la inchi 3 au 4 kinachohifadhi betri, kipokezi na mota, chenye vifuniko viwili vya plastiki ngumu yenye unene wa milimita 10. Unene huo una sababu. Kwa kila mita moja ya kina, maji huongeza mgandamizo wa takriban gramu 100 kwenye kila sentimita ya mraba, kwa hiyo kifuniko chenye kipenyo cha sentimita 10 hubeba karibu kilo 8 kikiwa mita moja tu chini. Kifuniko chembamba kitabonyea, na kikibonyea, ufito unaopita ndani yake utabanwa na sevo itaanza kunung'unika.

Kabla ya kununua chochote, amua kuhusu redio, kwa maana usukani mzuri usiopokea amri hauna faida. Rimoti karibu zote zinazouzwa siku hizi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo hufifia ndani ya maji baada ya kina kidogo sana. Wajenzi wa nyambizi hutafuta seti za zamani za masafa ya chini, kama megahezi 27, 40 au 75. Uingereza masafa ya 40 ndiyo yaliyotengwa kwa vyombo vya ardhini na majini, na Marekani ni 75. Kwetu, matumizi ya masafa husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, hivyo ni busara kuulizia kabla ya kuagiza seti kutoka nje. Jambo la pili huwaudhi wengi wanaoishi hatua chache kutoka Bahari ya Hindi: maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno, na wimbi la megahezi 40 hupungua hadi theluthi moja na ushei kwa kila sentimita 4 za maji ya bahari. Msasani, Kigamboni na ufuo wa Coco hapa Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kuendesha mashua ya mfano inayoelea. Nyambizi ipelekwe kwenye maji yasiyo na chumvi.

Vifaa vingi vinapatikana Kariakoo na Gerezani. Sevo, waya na viunganishi hupatikana katika maduka ya vifaa vya elektroniki, na oringi ndogo, yaani pete za mpira za kuzuia maji, huuzwa na wauza vipuri vya pikipiki na magari, ingawa itabidi uende na kaliper yako na upime mwenyewe, maana muuzaji hupanga oringi zake kwa aina ya gari, si kwa milimita. Kwa ufito, tafuta spoki ya baiskeli isiyoshika kutu yenye unene wa milimita 2. Spoki ya chuma cha kawaida iliyopakwa zinki hunatwa na sumaku kwa nguvu, na ile isiyoshika kutu hunatwa kidogo tu au haishikwi kabisa. Ya kwanza iache dukani, kwa sababu zinki ikibanduka itakwangua mpira na kutu itafuata. Uzuri wa spoki ni kwamba inakuja na uzi wa skrubu na nati yake ndefu, ambavyo baadaye vitakusaidia kurekebisha urefu.

Sasa tufike kwenye nyumba ya oringi, kipande kinachostahili fedha nyingi zaidi kuliko vingine vyote. Mpelekee fundi wa kukereza vyuma pale Gerezani kipande cha brasi cha duara chenye kipenyo cha milimita 12 na urefu wa milimita 25. Mwombe akereze milimita 20 za urefu huo hadi kipenyo cha milimita 8 na kukata uzi wa skrubu juu yake, akiacha kichwa cha milimita 5 kwenye unene wa awali. Katikati atoboe tundu la milimita 2.1 kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha upande wa kichwa alipanue tundu hilo hadi milimita 4.6 kwa kina cha milimita 2. Hapo ndipo itakapokaa oringi yenye tundu la milimita 2 na unene wa milimita 1.5. Ukipiga hesabu utaona kwamba nafasi kati ya ufito na ukuta ni milimita 1.3, kwa hiyo mpira unabanwa kwa karibu asilimia 13. Kiasi hicho kinatosha kuzuia maji na bado kinauruhusu ufito kuteleza. Fundi akikosa keke ya 4.6, atoboe kwa 4.5 na kupanua kidogo kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti. Akikuambia kwamba 5 ni ile ile tu, mkatalie kwa adabu: oringi hiyo ina kipenyo cha nje cha milimita 5 na haitabanwa hata kidogo. Juu ya oringi hufunikwa kisahani cha brasi chenye tundu la milimita 2.1, kikishikwa na skrubu mbili ndogo za milimita 2, ili siku ya kubadilisha mpira usilazimike kuvunja kitu.

Wapo wanaoweka oringi mbili wakiamini kwamba usalama unaongezeka maradufu. Kwa nyambizi isiyozidi kina cha mita mbili naona moja inatosha, kwa kuwa ya pili huongeza msuguano, na msuguano ndio unaofanya usukani usirudi katikati sawasawa. Chumba kinacholowa mara nyingi huwa kimeponzwa na ufito wenye mikwaruzo au ufito unaosukumwa upande, na hapo hata oringi tatu hazitasaidia. Sugua sehemu ya spoki itakayopita kwenye mpira kwa msasa wa maji namba 1000, halafu 2000, ukizungusha spoki badala ya kuivuta, na umalizie kwa dawa ya kung'arishia shaba. Ingiza spoki kutoka ndani kwenda nje na uache ncha yenye uzi ibaki ndani ya chumba, kwa sababu uzi wa spoki ni mnene kuliko mwili wake na ungeichana oringi ukipita hapo. Paka grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida ya magari haina neno kwa oringi nyeusi za naitraili, lakini huvimbisha na kuozesha mpira wa asili, na kwa kuwa si rahisi kujua mpira wa dukani ni wa aina gani, silikoni inakuondolea mashaka.

Nyumba hiyo ipite kwenye tundu la milimita 8 la kifuniko cha nyuma, kichwa kikiwa nje juu ya wosha ya mpira, na nati ikazwe kwa ndani.

Jambo linalosahaulika katika michoro mingi ni kwamba ufito unaopita kwenye oringi sharti uende mstari mnyoofu, ilhali mkono wa sevo na kana ya usukani (mkono mfupi unaougeuza) vyote huzunguka. Mkono wa sevo wenye tundu kwenye milimita 10 ukigeuka nyuzi 45 kila upande huusogeza ufito milimita 7 mbele na 7 nyuma, lakini wakati huohuo ncha yake huhama kando kwa karibu milimita 3. Ukiunga spoki moja kwa moja kwenye sevo, milimita hizo 3 zitaisukuma oringi upande mmoja na maji yatapata nafasi. Dawa yake ni kuweka kiungo kifupi cha waya, chenye urefu usiopungua milimita 40, kati ya sevo na spoki, na kingine kama hicho kati ya spoki na kana. Panga pia sevo ili mstari wa spoki upite katikati ya uhamaji huo. Hapo upotofu unakuwa milimita 1.5 kila upande badala ya 3 upande mmoja. Nati ndefu ya spoki ni ya brasi iliyopakwa nikeli na inakubali risasi ya kulehemu, hivyo ilehemu kwenye kiungo cha ndani, na kuanzia hapo utarekebisha urefu kwa kuizungusha spoki tu.

Urefu wa kana unategemea hesabu hiyohiyo. Mwendo wa milimita 7 juu ya kana ya milimita 12 huugeuza usukani kwa nyuzi kama 36, na zaidi ya 35 hivi maji huacha kufuata uso wa ubapa na usukani hugeuka breki. Manahodha wa majahazi hurefusha kana ili wapate nguvu; wewe nguvu unayo tayari, kwa hiyo irefushe tu ukitaka usukani mpole zaidi. Matundu ya viungo yatobolewe kwa unene wa waya wenyewe bila kuzidisha. Plei ya nusu milimita kwenye kana ya milimita 12 ni zaidi ya nyuzi 2 za usukani, kiasi cha kuifanya nyambizi iyumbeyumbe kama mlevi huku rimoti ikiwa imetulia.

Ubapa ukate kutoka kwenye bati la brasi la milimita 1 au plastiki ngumu ya milimita 3, kisha upige tupa ukingo wa mbele uwe mviringo na wa nyuma uwe mwembamba. Mhimili upite karibu robo ya upana kutoka ukingo wa mbele, ili sehemu iliyo mbele ya mhimili isaidie kugeuza. Kama nyambizi yako inafuata umbo la tone lililoanzishwa na Albacore ya Marekani, iliyoshushwa majini mwaka 1953, rafadha, yaani panga boi, huwa mwisho kabisa na usukani uko mbele yake, kwa hiyo haupati mkondo unaosukumwa na rafadha na hulegea mwendo ukipungua. Wajenzi wengi huongeza kipande cha plastiki angavu kwenye ubapa ili kupata eneo zaidi bila kuharibu sura. Katika umbo hilo pia kuna sukani mbili, ya juu na ya chini, na mhimili wa rafadha unapita katikati yake. Ziunganishe kwa nira ya waya wa brasi iliyopindwa mfano wa herufi U ikauzunguka mhimili huo, na uhakikishe haiugusi hata usukani ukiwa umegeuka kabisa.

Upande wa umeme ni mfupi. Sevo husoma mapigo ya milisekunde 1 hadi 2, na 1.5 ndiyo katikati. Washa rimoti na kipokezi kwanza, trimu (kirekebishi cha katikati kwenye rimoti) ikiwa sifuri, ndipo ufunge mkono wa sevo ukiwa umesimama wima kwa ufito. Sevo ikitetemeka mota inapozunguka, lehemu kapasita za mikrofaradi 0.1 kati ya ncha mbili za mota na kati ya kila ncha na ganda lake, na uiweke antena mbali na waya za mota.

Kupima uvujaji, funga chumba kikiwa na karatasi ya chooni ndani, kizamishe kwenye simtanki kwa kamba na uzito, na uendeshe usukani mfululizo ukiwa chini ya maji, kwa kuwa oringi isiyovuja ikiwa imetulia huweza kuingiza maji ufito unapotembea. Karatasi itakuonyesha hata tone moja limeingilia wapi. Usifunge chumba kilichokuwa juani: hewa ya nyuzi 45 ikipoa hadi 27 ndani ya maji hupungua mgandamizo kwa kiasi kinacholingana na kina cha zaidi ya nusu mita, na chumba huanza kunyonya kabla hakijazama. Fungia kivulini, na kwa unyevu wa Dar es Salaam weka pakiti ya silika ndani.

Jaribio la mwisho ni kwenye bwawa la kuogelea, kwa ruhusa ya mwenyewe na kabla waogeleaji hawajaingia. Anza juu ya maji kwa mwendo mdogo, na usawazishe urefu wa spoki hadi nyambizi iende moja kwa moja trimu ikiwa sifuri. Ukishazama, geuza polepole, kwa sababu mnara unapokata maji kwenye kona huilaza nyambizi kuelekea ndani ya kona na tezi yake, yaani sehemu ya nyuma, huweza kushuka. Hilo likizidi, punguza mwendo wa usukani kwenye rimoti hadi nyuzi 20 au 25. Ukimaliza, suuza kwa maji safi ili kuondoa klorini, kausha spoki, vuta usukani pande zote mbili kwa mkono huku sevo ikiwa imezimwa ili usikie kama msuguano umebadilika, na oringi ikianza kushika, ibadilishe siku hiyohiyo.