Uvimbe wa shingo usiouma: HPV yaingiaje kooni na wewe ufanye nini

Kabla hujamulika koo kwa tochi ya simu anza na shingo, manake hivi virusi vya HPV vikishaleta kansa kooni mara nyingi hata huioni kwa kioo, mtu hushtukia uvimbe chini ya taya akinyoa ndevu ama akijifunga mtandio. Na uvimbe wenyewe hauumi. Hapo ndo watu huponzwa, kwetu kisichouma si ugonjwa.

Ami yangu alikaa nao miezi minne. Maji ya chumvi amesukutua, tangawizi na asali amekunywa, antibiotiki za chemisti kameza dozi mbili, barazani wote wamwambia ni mafindofindo hayo bwana, na mmoja akamshauri akakatwe kimio! Kumbe ni kansa. Alhamdulillahi alipigwa mionzi na akapona, lakini tangu siku hiyo kila mwenye koo bovu namuuliza kwanza, lina muda gani?

Sasa inavyoambukiza, na wazee mniwie radhi manake hapa hapana pa kuzungukia. HPV hupita kwa kugusana ngozi kwa ngozi. Ziko aina zaidi ya 200, nyingine ni zile za chunjua za mikononi tu, ile yenye kesi nyingi za kansa ya koo ni namba 16. Kinywani hufika hasa kwa ngono ya mdomo, na kubusiana kwa ndimi pia kwashukiwa ingawa ushahidi wake si mzito kama wa hiyo ya kwanza. Lakini kula sinia moja la biriani, kunywea gilasi moja ya ukwaju, busu la shavuni ukimwamkia bibi, hayo yasikutie wasiwasi.

Kondomu yapunguza hatari, ata ukiipasua ikawa kitambaa cha kufunikia sehemu za siri kwenye ngono ya mdomo, ila haimalizi kabisa kwa sababu haifuniki ngozi yote.

Mbona basi vipende koo? Ngozi ya ndani ya mdomo ina tabaka nyingi na virusi hivi vyataka kufika tabaka la chini kabisa, seli zinapozaliwa, kwa hivyo kwengine vyahitaji kijeraha japo kidogo. Lakini findo, zile tonsi mbili za kooni, zina vishimo vingi na ngozi ya mle ndani ni nyembamba, ina mianya, imeumbwa hivo makusudi ili askari wa mwili waonje kila kinachopita. Virusi navyo vyaingilia mlango huohuo. Na kwa vile viko ndani ya shimo, kansa ikianza nayo yaanzia huko ndani, ama nyuma kabisa ya ulimi, ndo nkasema kioo hakitoshi.

Usipaniki lakini. Wengi wanaofanya mapenzi hupata HPV siku moja maishani na mwili huifukuza wenyewe, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja au miwili, bila mtu kujua. Wachache ndo hubaki nayo, na hapo mpaka kansa itokee ni miaka 10, 20, ata 30. Kwa hivyo shoga yangu ukiambiwa mzee ana kansa ya koo ya HPV usikimbilie kuchakura simu yake, huenda aliipata hamjajuana hata majina. Anayevuta sigara ama mwenye kinga dhaifu, mfano anayeishi na HIV, yeye huifukuza kwa shida zaidi.

Haya, kujikagua. Mara moja kwa mwezi ukitoka kuoga, pitisha vidole polepole kuanzia chini ya sikio, pembe ya taya, ushuke na ule msuli wa ubavuni mwa shingo mpaka mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua, kulia kisha kushoto, walinganisha. Halafu ndo umulike: findo moja kubwa kuliko mwenziwe? Kidonda? Ule mstari wa vinundu nyuma ya ulimi uliopinda kama V ni maumbile, kila mtu anao, na vile vijiwe vyeupe vinavyonuka kwenye findo ni uchafu tu. Mafua huleta matezi shingoni nayo hunywea. Ila uvimbe, koo kuuma upande mmoja, sikio kuuma na halina kitu, sauti kukwaruza, chakula kukwama, lolote katika hayo likipita wiki 3, achana na chemisti, nenda kwa daktari. Andika tarehe lilipoanza manake daktari ataiuliza.

Omba rufaa ya daktari wa masikio, pua na koo, hospitali ya Coast General hapa Mombasa ama kwengineko. Atapitisha kamera nyembamba puani, atavuta maji ya uvimbe kwa sindano ama akate kinyama kidogo. Akikwambia ni kifuko cha maji tu na wewe ushapita 40, mwulize kama kimepimwa, kwa sababu kansa hii hupenda kujifanya kifuko. Na ikiwa ni kansa uliza kama wamepima p16, alama ya kuonyesha kama ni ya HPV. Hii ya HPV husikia dawa vizuri kuliko ile ya sigara.

Tambuu na popoo ni kesi nyengine, yale huharibu shavu na ulimi bila HPV yoyote, usijifariji ati wewe mambo ya mdomo hufanyi huku shavu limejaa popoo.

Chanjo ya HPV ilizinduliwa hapahapa Mombasa Oktoba 2019, bure, kwa wasichana kuanzia miaka 10. Ndani yake mna ganda tupu la virusi, halina cha kumuambukiza mtoto, na yale maneno kwamba yafunga kizazi ni uzushi wa mitaani. Yafaa ipigwe mapema kabla mtoto hajakutana na virusi, haiponyeshi aliyekwisha ambukizwa. Wavulana hawamo kwenye mpango wa bure na mie naona hapo wameonewa, manake huko Marekani kansa za koo za HPV zishapita zile za mlango wa kizazi kwa wingi na wengi wao ni wanaume. Mwenye uwezo aulizie bei hospitali za kulipia.