SOMO: Kusoma muundo wa sukari rahisi bila kukariri picha

Wanafunzi wengi wa kidato cha sita, na hata wa mwaka wa kwanza wa uuguzi na udaktari, hukariri picha ya glukosi, kisha ya galaktosi, kisha ya manosi. Siku ya mtihani picha zote zimeshachanganyika. Mimi sikushauri ukariri picha. Iulize kila sukari maswali manne kwa mpangilio huu, itajieleza yenyewe. Shika kalamu na karatasi, maana hili si somo la kusomwa kwa macho tu.

Hatua ya 1: Kaboni ni ngapi?

Sukari rahisi, yaani monosakaridi, ni ile isiyovunjwa tena na maji kuwa sukari ndogo zaidi. Yenye kaboni 3 ni triosi, 4 tetrosi, 5 pentosi, 6 heksosi. Ribosi ni pentosi. Glukosi, galaktosi na fruktosi ni heksosi, zote C₆H₁₂O₆. Ile fomula ya jumla, (CH₂O)n, usiiamini kupita kiasi. Asidi ya laktiki ni C₃H₆O₃ na wala si sukari, ilhali deoksiribosi ya kwenye DNA ni sukari kamili lakini ni C₅H₁₀O₄, imepungukiwa oksijeni moja.

Hatua ya 2: C=O (kaboni iliyoshika oksijeni kwa bondi mbili) iko wapi?

Ikiwa mwishoni mwa mnyororo, kwenye kaboni namba 1, hiyo ni aldehaidi na sukari yake huitwa aldosi. Ikiwa ndani, kwa kawaida namba 2, ni ketoni, na sukari ni ketosi. Unganisha na hatua ya kwanza: glukosi ni aldoheksosi, fruktosi ni ketoheksosi. Fomula moja, makundi tofauti. Kwa hiyo hizi mbili ni isoma za kimuundo.

Hatua ya 3: Makundi ya OH yameelekea wapi?

Hapa ndipo watu wanapopoteza alama, basi twende taratibu.

Chora mnyororo wima, aldehaidi juu. Huo ndio mchoro wa Fischer. Tafuta kila kaboni iliyoshikana na vitu vinne visivyofanana. Hiyo ni kaboni kirali. Gliseraldehaidi, aldosi ndogo kuliko zote, inayo moja tu, kwa hiyo ina maumbo mawili yanayotazamana kama kandambili za kulia na kushoto: zimefanana kwa kila kitu, ila huwezi kuzibadilishana miguu.

Kila kaboni kirali huzidisha maumbo mara mbili. Glukosi inazo nne (namba 2, 3, 4 na 5), hivyo aldoheksosi zote ni 2×2×2×2 = 16. Fruktosi inazo tatu, kwa hiyo ketoheksosi za aina yake ni 8.

Ili kujua D au L, tazama kaboni kirali iliyo mbali zaidi na C=O. Kwa glukosi ni namba 5. OH ikiwa kulia ni D, ikiwa kushoto ni L. Usichanganye D na kupindisha mwanga kwenda kulia! D-fruktosi hupindisha mwanga kushoto, tena kwa nyuzi kama 92. Herufi inakueleza umbo. Mwelekeo wa mwanga unapimwa maabara.

Mjerumani Emil Fischer alipopanga umbo la glukosi mwaka 1891, hakuwa na njia ya kujua upande halisi wa hizo OH. Alichagua mmoja kwa kubahatisha, akajenga mfumo wote juu yake. Mwaka 1951 Mholanzi Johannes Bijvoet alitumia eksirei na ikaonekana ule upande uliochaguliwa ndio wenyewe. Ingekuwa kinyume, vitabu vyote vingegeuzwa.

Sasa andika D-glukosi kuanzia kaboni ya 2: kulia, kushoto, kulia, kulia. Geuza zote nne, umepata L-glukosi, taswira yake ya kiooni. Geuza ya namba 4 peke yake, umepata galaktosi. Geuza ya namba 2 peke yake, umepata manosi. Sukari mbili zinazotofautiana kwenye kaboni kirali moja tu huitwa epima.

Hatua ya 4: Pete imefungwaje?

Ndani ya maji, mnyororo ulio wazi ni chini ya asilimia 1. OH ya kaboni 5 huishika kaboni 1 na pete ya pembe sita hufungwa, piranosi. Pete ya pembe tano ni furanosi. Pete ikifungwa, kaboni 1 nayo inakuwa kirali, na hapo tunapata anoma mbili, yaani maumbo mawili yanayotofautiana kwenye kaboni hiyo tu. Kwenye mchoro wa Haworth (pete iliyolazwa) wa D-glukosi, CH₂OH ikiwa juu, OH ya kaboni 1 ikitazama chini ni alfa, ikitazama juu ni beta. Kilicho kulia kwa Fischer hushuka chini kwa Haworth.

Alfa safi ikiyeyushwa hupindisha mwanga nyuzi +112, beta +18.7. Ziache zitulie, zote mbili huishia +52.7, kwa sababu pete hufunguka na kufungwa tena mpaka zifikie kama asilimia 36 alfa na 64 beta.

Ukiona hili ni jambo dogo, kumbuka wanga wa ugali ni glukosi zilizounganishwa kwa alfa, na selulosi ya karatasi ni glukosi hizohizo kwa beta. Tumbo lako linajua tofauti.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Fruktosi ni ketosi, mbona inageuza Benedict, kile kipimo cha bluu cha sukari, kuwa nyekundu ya matofali?

Marahaba. Myeyusho wa Benedict una alkali. Ndani yake fruktosi hujipanga upya, sehemu yake ikawa glukosi na manosi, ambazo ni aldosi. Ndiyo maana Benedict haiwezi kukutofautishia glukosi na fruktosi.

Na sukari ya dukani, mkuu? Sisi ilibaki bluu.

Ndivyo inavyotakiwa. Sukrosi, yaani hiyo sukari ya dukani, imefunga kaboni 1 ya glukosi na kaboni 2 ya fruktosi, zilezile ambazo zingefungua pete. Ichemshe na asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa kwa maji, ipooze, tuliza asidi kwa sodiamu baikaboneti, kisha rudia Benedict. Itabadilika.

Asali yangu imeganda. Nimeuziwa feki?

Kuganda peke yake si ushahidi. Asali ina fruktosi kama asilimia 38 na glukosi kama 31, na glukosi haiyeyuki vizuri kama mwenzake, hivyo hujitenga ikawa chembe. Wala isiyoganda si lazima iwe halisi.

Galaktosi na manosi ni epima?

Ziandike moja pembeni mwa nyingine, galaktosi kwanza: kulia-kushoto-kushoto-kulia, na kushoto-kushoto-kulia-kulia. Zinatofautiana namba 2 na namba 4. Si epima.